Mkosaji wa ngono mwenye ulemavu wa akili: afunzwe au afungwe tu?

Wakili wa Ngara: Kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya mwaka 2006 kinairuhusu mahakama kumweka mkosaji hatari chini ya uangalizi wa muda mrefu wenye nia ya kumrekebisha. Je, kijana mwenye ulemavu wa akili atarekebishwa vipi, ilhali mafunzo mengi humtaka mtu asome na aeleze kosa lake kwa maandishi?

Kariobangi Moja: Sioni cha kujadiliwa. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha, na sijasikia kwamba mataahira wametengwa. Isitoshe, Uingereza waliyajaribu madarasa hayo wakayafuta.

Mama wa Umoja: Kuhusu sheria nitakujibu baadaye, lakini kwanza lirudishe neno hilo ulikolitoa. Nimemlea mwana wa miaka 24 ambaye hajamgusa mtu, na majirani huwaita watoto wao ndani anapopita, kwa sababu ya midomo kama yako.

Kariobangi Moja: Neno nimelirudisha. Sasa mama, uniambie ni lini mtoto aliyenajisiwa aliulizwa ni neno gani linalomkera.

Mwalimu wa Donholm: Kilichofutwa mwaka 2017 ni mpango mkuu wa magerezani, baada ya utafiti kuonyesha kwamba asilimia 10 ya waliopitia mafunzo walirudia makosa ya ngono, wasiopitia wakiwa asilimia 8. Vikundi vya tiba viitwavyo SOTSEC-ID, navyo vya Uingereza, ni jambo jingine: wanaume wenye ulemavu wa akili hukutana saa mbili kwa wiki, kwa takriban mwaka mmoja, wakijifunza kwa picha na maigizo maana ya idhini na maumivu ya aliyetendewa. Katika shule zetu maalumu somo la mwili hurukwa kwa kuona haya.

Mama wa Umoja: Kumbe mnakiri! Mwanangu alimaliza shule akihesabu hadi 100, asijue mtu akikataa ndiyo basi.

Mwalimu wa Donholm: Sikumfundisha mwanao, mama, na wazazi ndio hutujia juu tukilitaja somo hilo.

Wakili wa Ngara: Niliuliza kuhusu waliokwisha kuhukumiwa.

Kariobangi Moja: Basi jibu wewe: kikundi hicho kitalipiwa na nani, na kitakaa mtaa wa nani? Kwetu hapana.

Mama wa Umoja: Kiletwe Umoja, karibu na steji, tufike kwa matatu moja.