Grisi ya baiskeli: unapaka ipi nyumbani? Tupeane uzoefu

Mzee wa Spoku
Wakuu salaam. Jana jirani yangu kafungua habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, uani kwake, nikachungulia. Gololi zimezama kwenye tope jeusi na koni inayozibana imechimbika vishimo vya kuingia ukucha. Anaapa kwamba grisi anapaka kila mara. Nikamuuliza ipi, akanionyesha kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo, grisi ya kupima ya buku. Mengi yakanirudia kichwani. Mimi natumia ya kopo, ile ya beringi za magari. Nyie mnaofungua baiskeli zenu wenyewe mnatumia nini, na yamewakuta yapi? Wale wa "peleka kwa fundi" mtuache kidogo.

Kijana wa Kahama
Grisi haina shida, shida ni inapopakwa. Mdogo wangu alikuwa anabeba abiria kwa baiskeli, hizi daladala zetu za huku. Cheni ikawa inalia, abiria wanamsema. Akachota grisi kiganjani akaisiliba cheni nzima, tena kwa fahari. Ilikuwa kiangazi, na vumbi la Kahama mnalijua. Siku chache tu cheni imevaa koti la mchanga, inasaga. Meno ya giya yakachongoka, cheni ikaanza kuruka kila akipanda kilima. Mbaya zaidi alibeba mama mmoja kavaa kitenge kipya, kikagusa cheni. Yule mama alishuka kabla ya kufika, nauli hakulipa, na kitenge akadai. Nyumbani tulichangishana.

KotaPini
Kweli kabisa. Cheni ni oili, grisi ni ya gololi. Basi.

Babu Phoenix
Mmeanza. Mzee wetu alipaka oili chafu ya trekta kila mahali, cheni, habu, pedeli, na Phoenix yake ipo mpaka leo.

Kijana wa Kahama
Ipo inatembea au ipo imetundikwa?

Babu Phoenix
Imetundikwa, lakini ipo.

Fundi Mstaafu
Oili chafu ina unga wa chuma kutoka kwenye injini, unausafirisha mwenyewe mpaka kwenye gololi zako. Na ngozi ya mikono haiipendi hata kidogo. Tuache hilo.

Grisi ni oili iliyofungwa ndani ya sabuni maalumu ili isitiririke. Sabuni hiyo ikiwa ya lithiamu inatumika sehemu nyingi. Ya kalsiamu inavumilia maji vizuri, ila zile za zamani hazipendi joto kali. Angalieni namba kwenye kopo, inaanzia 000 ambayo ni majimaji na kuishia 6 ambayo ni ngumu. Baiskeli inataka namba 2, ulaini wa siagi ya karanga. Rangi isikudanganye. Nyekundu, bluu, kijani, nyingi ni rangi tu kiwandani. Nyeusi ndiyo mara nyingine ina molibdenamu, madini ya kulainisha chuma, na mara nyingine ni uchafu wa pipa la muuzaji.

Ukifungua habu usiongeze mpya juu ya ya zamani. Sabuni nyingine zikikutana hazielewani, grisi inageuka maji na kukimbia. Osha kwa mafuta ya taa, futa, acha ikauke, jaza grisi kwenye bakuli, ile njia ya gololi ndani ya habu, panga gololi. Nyuma ni 9 kila upande, mbele ni 10 ndogo kila upande. Ukiona kuna nafasi ya kupachika moja zaidi, usiipachike. Hiyo nafasi ni yake.

Mla Ubwabwa
Fundi, mimi nimekuwa nikijaza mpaka zibane!! Kumbe ndiyo maana gurudumu linakwenda kwa kukwaruza.

Mama Wawili
Sisi tulikuwa tunapaka mafuta ya mgando ya mtoto 😂 Baiskeli inanukia vizuri kuliko mimi.

Fundi Mstaafu
Kwa pedeli za mtoto anayezunguka uani sawa. Jua likiwaka yanalainika na kuondoka.

Sambaa Mjini
Ngoja niwape ya kwangu maana mmenikumbusha mbali. Nilikuwa na baiskeli ya mtumba ya Ulaya, ile ya kukanyaga pedeli nyuma ndiyo breki. Breki ya mbele waya wake ulishakatika kitambo. Fundi mmoja wa pale nyumbani akaifungua habu, akaisafisha vizuri tu, akajaza grisi ya kupima, ya njano, laini. Nikamlipa, nikafunga tenga la peasi kwenye keria, alfajiri nikaanza kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo.

Anayeijua barabara ile anajua. Kulia genge, kushoto ukuta wa jabali, kona zinafuatana mpaka unasahau ulikotoka. Ulaini wa baiskeli asubuhi ile, nilisema huyu fundi Mungu ambariki. Nimeipita Soni, nasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikadhani ni lori limepita. Lori hamna. Kuangalia nyuma, moshi unatoka kwenye habu! Grisi imekuwa maji, inarushwa kwenye spoku na kwenye mguu wangu wa suruali. Nakanyaga nyuma, breki inashika kwa kishindo, inaachia, inalia kama mbuzi, inaachia tena. Mzigo unasukuma. Mbele kona, na basi linapanda linapiga honi.

Nikachomoa mguu nikakandamiza soli ya kandambili kwenye tairi la mbele. Kandambili ikapata moto, ikaanza kunuka nayo. Nikaona mtaro upande wa jabali, nikauingia kwa hiari yangu. Peasi zilikwenda Mombo zenyewe. Watoto wa shule walizifukuza wakicheka, wakala mbele yangu. Mimi nimechubuka kiwiko tu. Nikamwagia habu maji ya chupa, ikapiga chwaaa, mvuke ukapanda. Kuifungua, ndani pakavu, vipande vya breki vimegeuka rangi ya bluu.

Mama Wawili
Weeee! Na yule fundi?

Sambaa Mjini
Aliniuliza kwa nini nimeshuka kwa kasi.

Mla Ubwabwa
Dah. Kandambili ya rangi gani kaka, tuiwekee kumbukumbu.

Msema Kweli
Samahani, hapo fundi anaonewa. Mtu mzima unashuka Lushoto na tenga la peasi bila breki ya mbele, halafu unalaumu grisi?

Sambaa Mjini
Nani kakuambia nimeshuka nimelala? Kijijini nusu ya baiskeli hazina breki ya mbele na watu wanashuka kila siku. Tofauti ni grisi.

Msema Kweli
Wanashuka kila siku mpaka siku wasiposhuka.

KotaPini
Msema Kweli kila uzi lazima ugombane na mtu. Pumzika.

Ughaibuni
Sambaa, hujapatwa peke yako. Hapa Marekani, California, kaunti ya Marin, miaka ya 1970 vijana walikuwa wanashindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki hiyohiyo. Mashindano ya kwanza yalikuwa 1976. Wakifika chini habu zinafuka moshi, grisi yote imeungua, inabidi wafungue na kujaza upya kabla ya kupanda tena. Mpaka ile njia ikaitwa Repack, yaani "jaza upya", kwa ajili hiyo. Baadhi yao ndio walioanza kuunda baiskeli za milimani tunazoziona leo.

Mla Ubwabwa
Kumbe Sambaa angekuwa California angekuwa na kiwanda. Kazaliwa Usambara kaambulia mtaro.

Fundi Mstaafu
Breki ya ndani ya habu inataka grisi ya joto kali, hata hiyo usiibane kwa kilomita nyingi mfululizo. Simama, iache ipoe, kula peasi moja. Msema Kweli hajakosea kuhusu breki ya mbele, ila kausema ukweli kwa ukali.

Binti wa Paje
Sisi huku Unguja adui ni chumvi. Baba alikuwa anakwenda ufukweni kwa mwani, baiskeli anaisimamisha mchangani mpaka maji yanajaa na kuigusa. Kila akifungua habu grisi imegeuka nyeupe, gololi zina kutu. Mjomba wangu ana boti ya mashine, akampa grisi ya boti. Toka hapo mambo yametulia. Lakini sehemu watu wanayoisahau ni bomba la siti. Letu liliganda kwenye fremu, wanaume wanne walilivuta, likakatika wao wakaangukia kuku.

Mpemba Asilia
Grisi ya boti, naam. Na nati zote za mhimili mpake kidogo.

KotaPini
Na kota pini pia mpake, ile pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli.

Babu Phoenix
Kota pini haipakwi! Ikiwa na grisi inalegea. Wewe na jina lako lote hilo hujui?

KotaPini
Ikiwa kavu inaganda na kutu, unaitoa kwa nyundo mpaka ekseli inapinda. Mimi napaka utando tu, napiga nyundo, naendesha kidogo, nakaza nati tena.

Babu Phoenix
Utando, nyundo, nati. Upake kavu uone.

Mama Wawili
"Upake kavu" 😂😂

Dereva Mstaarabu
Mtumba wa Kijapani una kidude cha duara gurudumu la nyuma, ndiyo breki. Inapiga kelele mtaa mzima unajua nimerudi. Nichomeke grisi?

Kijana wa Kahama
Chomeka.

Fundi Mstaafu
USICHOMEKE kabla ya kuangalia. Ziko aina zaidi ya moja. Moja ina mkanda unaobana ngoma, hiyo ikiguswa na grisi huna breki tena. Nyingine ina vigurudumu vidogo ndani na kitundu chenye kizibo cha mpira, hiyo inakunywa grisi yake maalumu ya joto. Hamna kitundu, hamna grisi.

Wa Makete
Mimi asubuhi ya baridi nakanyaga, pedeli inazunguka bure, baiskeli haiendi. Jua likitoka inashika. Nani kairoga?

Fundi Mstaafu
Nani aliifungua mwisho?

Wa Makete
Kaka yangu. Alijaza grisi kwenye friwili, ile giya ya nyuma inayozunguka bure ukiacha kukanyaga.

Fundi Mstaafu
Basi mchawi umemtaja. Vile vikucha vya ndani vinasukumwa na springi ndogo sana. Grisi nzito ikiganda kwa baridi, vinalala, havinyanyuki kushika meno. Laza gurudumu, mimina mafuta ya taa huku unazungusha friwili mpaka yatoke masafi upande wa pili. Liache lichuruzike usiku kucha. Kesho matone machache ya oili nyepesi ya cherehani.

Wa Makete
Cherehani ya nyumbani ni ya mke wangu.

Mama Wawili
Omba. Usichukue.