Koo, matetea na vifaranga banda moja: wale chakula gani?

MamaKuku_Makorora
Wadau, habari zenu. Nina koo 6 wanaotaga, matetea 8 wa wiki 10 na vifaranga 11 wa wiki 3, wote chotara, banda moja. Wote wanakula layers, chakula cha kuku wanaotaga. Vifaranga wamedumaa, na koo wakishafika kwenye chombo hakuna mdogo anayesogea. Mifuko mitatu ya aina tatu siimudu. Nifanyeje?

Pongwe_Mfugaji
Dada, layers waondolee leo. Ina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, wakati kuku asiyetaga anatosheka na kama asilimia 1. Inayozidi hutolewa kupitia figo, na figo changa huharibika taratibu bila dalili. Unakuja kuona tetea kakonda, kinyesi cheupe cha majimaji, kisha kafa.

Weka growers, chakula cha kuku wanaokua, iwe chakula cha banda zima. Koo gramu 120 kwa siku, tetea wa umri huo kama 60, kwa hiyo kilo 1.2 zinatosha hao 14. Kalsiamu ya koo iweke pembeni kwenye kopo lake. Mtagaji huifuata mwenyewe, hasa jioni. Asiyetaga hudonoa kidogo na kuachana nayo.

Vifaranga bado wanataka starter, chakula cha kuanzia, maana protini ya growers ni ndogo kwao. Wapigie kizimba cha fito, nafasi kati ya fito na fito sentimita 6. Wao watapenya, matetea na koo watabaki nje. Chombo kikae katikati, futi moja na nusu kutoka kwenye fito, la sivyo koo ataingiza shingo amalize. Maji yawe ndani na nje. Wakianza kukwama, watakuwa wamefikia kula growers.

Bwana_Pumba
Mbona rahisi tu, changanya layers na growers nusu kwa nusu.

Pongwe_Mfugaji
Hapana, mkuu. Piga hesabu: 4 na 1 ukigawa kwa mbili unapata 2.5. Kwa kifaranga ni nyingi mno, kwa koo haitoshi, mayai yatakuwa na ganda laini. Umelipia mifuko miwili kuwakosea wote.

MamaKuku_Makorora
Ahsante, kaka. Hiyo kalsiamu iwe chokaa? Makombe ya pwani yanafaa?

Bi_Chumbageni
Makombe yanafaa sana, mwanangu. Yaoshe chumvi itoke, yaanike, yatwange kwenye kinu, kisha chekecha. Unga usiupe nafasi, chukua chenga za milimita 2 hadi 4. Unga hupita haraka tumboni. Chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka usiku, wakati ganda la yai linajengwa. Koo mmoja anahitaji kama gramu 7 kwa siku, hao sita gramu 45 hivi. Ukinunua, sema chokaa ya mifugo. Ya kupaka ukuta na ya tambuu huunguza koo la kuku.

Usinunue chakula cha zaidi ya wiki mbili. Unyevu wa huku kwetu hupandisha ukungu haraka, na mfuko ukae juu ya chaga, si sakafuni. Na ukiwaongezea dagaa wa chumvi, waloweke kwanza na yale maji uyamwage, maana vifaranga ndio wanaoanza kufa kwa chumvi.