Tupeane uzoefu: mliofika visiwa vya mbali ambavyo watalii hawafiki sana

Matlai
Wakuu, visiwa vyenye mahoteli na ndege kila baada ya saa tumeshaviongelea sana. Uzi huu ni wa waliofika vile vilivyojitenga katikati ya bahari za joto, ambako usafiri wenyewe ni wa kusubiri. Mlifikaje, na kipi kiliwagusa?

Naanza na Tokelau, Pasifiki ya Kusini. Uwanja wa ndege hakuna. Meli unapandia Apia, Samoa, mnakata bahari zaidi ya siku nzima, na lazima uwe na kibali cha wazee wa kijiji unachokwenda. Bandari nayo hakuna: meli inabaki nje ya miamba ya matumbawe, mnashushwa kwenye boti ndogo. Nahodha wa boti anasimama kwanza, anayasoma mawimbi, halafu ghafla anakanyaga moto na kupenya kwenye mlango uliokatwa mwambani. Bahari ikikataa, mnabaki melini.

Ila kilichonikaa moyoni ni inati. Samaki waliovuliwa kwa pamoja hupangwa chini mafungu mafungu, kila familia inapata kwa kadiri ya watu wake. Mjane asiye na mvuvi nyumbani fungu lake lipo pale pale. Sijaona utaratibu mzuri kuliko huo popote.

Kasa Mzee
Umenikumbusha St Helena, Atlantiki ya Kusini. Zamani ilikuwa meli tu. Ndege za abiria za ratiba zilianza Oktoba 2017, baada ya kucheleweshwa na upepo unaogeuka ghafla pale uwanjani. Sisi tulikiona kisiwa kabisa dirishani, rubani akageuza, tukarudi Afrika kulala. Abiria wenyeji hata hawakushtuka. Kwa hiyo usiahidi kuripoti kazini kesho yake ya kurudi, acha siku za ziada. Pauni za kisiwa nazo zimalize huko huko, maana nje ya hapo na kisiwa cha Ascension hazina soko.

Nyota ya Kusi
Tuvalu, nchi ya visiwa huko Pasifiki, mji mkuu Funafuti. Ardhi ni nyembamba mno, kwa hiyo jioni njia ya ndege ndiyo uwanja wa mpira, voliboli na mazungumzo. Siku ya ndege king'ora kinalia, watu wanapisha. Bebeni dola za Australia taslimu, ATM za kwanza nchini zimezinduliwa Aprili 2025 tu.

Tanga Mbili
Aldabra, Shelisheli. Hakuna wakazi zaidi ya watafiti na walinzi. Kabla ya kushuka tulikaguliwa viatu na mifuko, nikachomoa kwa sindano mbegu za majani zilizonasa kwenye mkanda wa kiatu. Baadhi waliona ni usumbufu, mimi niliona ni haki: mbegu moja ngeni inaweza kuharibu makazi ya kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na ya ndege wa huko aitwaye Aldabra rail, wa mwisho asiyeweza kuruka katika Bahari ya Hindi. Alikuja mwenyewe kudonoa kamba za viatu vyangu.

Mgeni Njoo
@Matlai, mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Tokelau ataweza?

Matlai
Mkuu, kushuka ngazi ya meli kuingia botini huku boti inapanda na kushuka ni kazi hata kwa kijana. Kwa mama ningechagua Tuvalu, unatua na ndege na ardhi yote ni tambarare.