Duka la nyuzi ni letu sote, mbona tunauza uzi usiopimwa wala usio na lebo?

Wadau wa kufuma, hasa mlioko Laikipia na Nyandarua, someni hili hadi mwisho. Duka letu la nyuzi za sufu ni la ushirika. Wenye hisa ni wasokotaji, na wanaokaa kaunta kwa zamu ni wasokotaji haohao, kwa hiyo hakuna bosi wa kusukumiwa lawama. Uzi unapokelewa ovyo, unauzwa bila lebo, na mteja akirudi na sweta lililoharibika anaambiwa sufu ya kusokota kwa mkono ndivyo ilivyo. Sivyo ilivyo, na tunaosokota tunajua.

Tuanze na mizani. Sufu hunywa unyevu wa hewani hadi karibu thuluthi ya uzito wake na bado ukiishika unaiona kavu. Msimu wa ukungu mtu analeta mafungu asubuhi, yanapimwa hapohapo, analipwa kwa gramu. Kilo iliyoshiba unyevu hivyo, ikikaa siku chache kwenye hewa kavu, inaweza kupungua hata gramu 100. Hizo gramu zinalipwa na ushirika, na anayeonewa ni mama aliyeleta uzi wake mkavu kwa uaminifu. Uzi ulale dukani angalau usiku mmoja kabla ya kupanda mizani, na urefu upimwe pia. Fremu ya kuzungushia ipo, mzunguko wake ni mita 1.5. Mizunguko 140 ni mita 210. Gramu 100 za uzi wa sweta wa unene wa kati zitoe mita 200 hadi 250. Zikitoa 150 huo ni uzi mnene, uende rafu yake na bei yake. Sasa hivi vyote vimechanganywa kikapu kimoja! Mteja anafuma kwa sindano za milimita 4 akitegemea vitanzi 22 kwa sentimita 10, bonge la pili linampa 17, na mkono mmoja wa sweta unapanuka kuliko mwingine.

Rangi ndiyo inayonikera zaidi. Sufuria moja ni loti moja, yaani uzi uliotiwa rangi pamoja, basi. Hata ukirudia maganda yaleyale ya vitunguu na shabu ileile ya kushikisha rangi, sufuria ya pili haitatoka sawa na ya kwanza. Sweta la mtu mzima linakula gramu 500 hadi 600, maana yake mabonge matano au sita ya loti moja. Dukani mtu anauziwa matatu ya sufuria hii na mawili ya ile, yakionekana sawa chini ya taa, akitoka juani mstari unakatiza kifuani kama umechorwa kwa rula. Kama loti moja haitoshi, mwambieni mapema, na mumwonyeshe kufuma mistari miwili kwa bonge hili, miwili kwa lile, ili tofauti ijifiche. Na shabu ipimwe: gramu 10 hadi 12 kwa kila gramu 100 za sufu, sufu ikiwa kavu kabla ya kulowekwa. Kukadiria kwa kijiko ndiko kunakofanya maji ya kufulia yageuke chai. Uzi wa manjano ya jikoni msiuweke dirishani kabisa, rangi hiyo haivumilii jua.

Halafu kuna anayenunua manyoya ya Dorper na kuyachanganya na ya Corriedale, kondoo wa sufu, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Dorper ni kondoo wa nyama. Manyoya yake yana nywele ngumu, nyeupe, fupi, hazishiki rangi na zinachoma shingo. Ukiinua uzi dirishani unaziona zimejitokeza kama miiba. Anayepokea ana macho, azikatae.

Uzi uliosokotwa leo na kuuzwa leo nao ni tatizo. Fungu likining'inizwa likajikunja lenyewe, msokoto haujatulia, na sweta litapinda upande. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, lianikwe, limekwisha. Msilisugue wala msilitoe maji ya moto kuliingiza ya baridi, litagandamana.

Kuhusu nondo wanaokula sufu sitasema mengi: manyoya machafu yenye mafuta yasilale chumba kimoja na uzi wa kuuza, kwa sababu viwavi vyao hupenda hayo kwanza.

Ninachodai kabla ya mkutano mkuu ni lebo ya karatasi kwa kila bonge: gramu, mita, aina ya kondoo, rangi ilitokana na nini, namba ya sufuria, na zamu iliyopokea. Zamu isiyojaza lebo isilipwe posho ya siku hiyo. Wajumbe wa kamati mliomo humu, jibuni hapa hadharani: mizani ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na daftari la mapokezi liko kwa nani?