Nimekabidhiwa mashindano ya hoki ya barafuni ya shule ya mwanangu, Minnesota. Naombeni ushauri

Mama Kipa

Habari za jioni wadau. Shikamooni wakubwa wote.

Naishi Minnesota, Marekani, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kijana wangu wa pili ni kipa wa timu ya hoki ya barafuni ya sekondari yao. Mimi nimekulia Tanga, mchezo huu nimeujulia ukubwani, ila kwa sasa hakuna mechi yake ninayoikosa.

Kikao cha wazazi kimenichagua niratibu mashindano ya mwisho wa mwaka, yale yanayochezwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Timu 8, siku 3, uwanja mmoja. Mzazi aliyekuwa akiyaratibu amehamia jimbo lingine, kaniachia faili lenye risiti na namba za simu, basi.

Nimeshapanga ratiba ya mwanzo: mechi 4 kwa siku, kila mechi saa moja na nusu, tunaanza saa 5 asubuhi na kumaliza saa 11 jioni. Kocha kaiona, kasema muda hautoshi, lakini alikuwa anawahi mazoezi hatukuendelea. Wenye uzoefu, nikosoeni. Nakosea wapi? Na kitu gani watu huwa wanakisahau mpaka siku yenyewe? La usalama wa watoto ndilo linaloninyima usingizi zaidi.

Fundi wa Barafu

Mama Kipa, marahaba. Hongera kwa kuaminiwa. Niko jimbo hilohilo, naendesha Zamboni, ile mashine ya kulainisha barafu, na kutunza uwanja mwaka wa tisa huu, kwa hiyo hesabu hii naiona kila wiki.

Kocha wako yuko sahihi. Sekondari Minnesota wanacheza vipindi 3 vya dakika 17, na saa husimama kila filimbi inapolia. Dakika 17 hizo ukizipima kwa saa ya mkononi ni nusu saa na ushee. Weka 32. Mara tatu unapata 96. Mapumziko mawili ya dakika 12, hapo nasafisha barafu, ni 24. Umefika saa mbili kamili na timu hazijapasha misuli. Ongeza dakika 5 za kupasha misuli na 10 za kusafisha kabla ya mechi inayofuata. Mechi moja ni saa mbili na robo. Nne ni saa tisa. Ukianza saa 5 asubuhi unatoka saa 2 usiku, hapo ni kama hakuna aliyeumia, hakuna kioo kilichopasuka, hakuna muda wa nyongeza.

Usimruhusu mtu akushawishi upunguze zile dakika za kusafisha. Nikipita na mashine nakwangua tabaka la juu, kisha namwaga maji ya moto, karibu nyuzi 60. Watu wanashangaa kwa nini ya moto. Maji ya moto yanayeyusha kidogo mikwaruzo iliyoachwa na visu vya viatu vya kuteleza na kushikana na barafu ya chini, halafu yanaganda laini. Sasa lazima yagande. Ukiwafungulia vijana mlango maji bado yanang'aa, mwanao akiteleza kutoka golini anakuta rojorojo, kisigino kinazama, na goti ndilo linalolipa. Mimi huwa nakaa mlangoni nautazama ule mng'ao mpaka ufifie ndipo nasogea pembeni.

Bei ya barafu: ulizia uwanja wako, ila piga hesabu ya saa 27 kwa siku tatu, siyo 18 ulizopanga wewe. Kama saa moja ni dola 240, tofauti hiyo peke yake ni dola 2,160. Bora uijue leo kuliko kuletewa ankara Januari.

Na paki ziwekwe kwenye friza tangu usiku. Ile ni duara la mpira mgumu, kama gramu 170, na likiwa na joto linadunda hovyo, hata kipa mzuri linampoteza. Weka ndoo ya barafu kwenye meza ya waandishi wa matokeo, mbadilishe kila kipindi.

Baba Watatu (Edmonton)

Naunga mkono hesabu ya Fundi. Niongeze la mpangilio wa mechi, maana hapo ndipo lawama zinapotokea.

Timu 8 kwa mechi 12 ni sawa kabisa: kila timu inacheza mara tatu, anayefungwa siku ya kwanza anashuka upande wa pili na bado ana mechi mbili. Watu wanasafiri saa nne na basi kwenye theluji, usiwarudishe nyumbani baada ya mechi moja. Ila angalia sana hili: timu iliyocheza mechi ya mwisho usiku isiwe ya kwanza kesho yake asubuhi. Ukichora mistari ya droo kwenye karatasi bila kuandika saa pembeni, utaangukia hapo bila kujua.

Timu yenu mwenyeji ipeni mechi ya jioni, wazazi wametoka kazini, kiingilio kinapatikana.

Na utaratibu wa sare uandikwe na utumwe kwa makocha wote kabla ya Desemba, kwa namna ambayo ligi yenu inaikubali. Nyie Minnesota mnalo funzo lenu wenyewe. Mwaka 1996, nusu fainali ya jimbo, Apple Valley na Duluth East walikwenda vipindi vitano vya nyongeza. Apple Valley walishinda 5 kwa 4, ikiwa imeshapita saa saba usiku. Kwenye mashindano ya jimbo watu wanaikumbuka kwa fahari mpaka leo. Kwenye mashindano yako yenye mechi nyingine inayosubiri mlangoni, watoto wa timu hizo mbili watakaa na vifaa vyao korido nzima, na refa wako atakuwa na ahadi mji mwingine.

Filimbi

Dada, marefa uwaombe leo. Siyo Oktoba, leo. Uhaba ni mkubwa na wiki hiyo kila mji una mashindano yake. Pitia kwa yule anayepanga marefa wa eneo lenu, umpe tarehe, saa na idadi ya mechi. Kwa mechi 4 kwa siku omba vikosi viwili, msiwachezeshe watu walewale mechi tatu mfululizo. Mtu aliyechoka anachelewa kuliona tukio, na barafuni kuchelewa kidogo tu tayari mtoto yuko ukutani.

Chumba chao kiwe na mlango unaofungwa, na wasipitie katikati ya wazazi wakitoka. Marefa vijana tunawapoteza hapo, siyo kwenye malipo.

Umesema usalama unakunyima usingizi. Basi kabla ya mechi ya kwanza waite makocha wote wanane kwa dakika kumi, mzungumzie jambo moja tu, kumsukuma mtu kwa nyuma. Tarehe 30 Desemba 2011, kwenye mashindano kama haya yako, Jack Jablonski, kijana wa miaka 16, alisukumwa kwa nyuma akaingia ukutani. Uti wa mgongo uliumia na akapooza. Haikuwa hata mechi ya timu kubwa, ni ya timu ya wadogo. Wiki chache baadaye ligi ya shule za Minnesota ikakaza adhabu, kosa hilo likawa la mchezaji kukaa nje dakika 5 badala ya kuachiwa refa achague 2. Mimi nikipuliza kosa hilo na mzazi akanizomea, naumia kweli, kwa sababu namlinda mwanae.

Nesi Zawadi

Nakazia alipoishia Filimbi. Hakikisha kuna mhudumu wa tiba ya michezo kwenye kila mechi, siyo "mzazi mmoja ni daktari atakuwepo". Ujue mashine ya kushtua moyo imetundikwa wapi, na uifungue kabati uone kama betri inawaka. Amua ni mlango upi gari la wagonjwa litaingilia, na usiku huo theluji pale nje iwe imeondolewa. Andika karatasi moja: nani anapiga simu, nani anakwenda mlangoni kupokea, nani anafungua geti la barafu. Ibandike mezani kwa waandishi.

Vikinga shingo pia. Adam Johnson, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa mji wa Hibbing huko huko kwenu, alikatwa shingo na kisu cha kiatu cha kuteleza akafariki akicheza Uingereza, Oktoba 2023. USA Hockey, chama cha hoki cha Marekani, ilivifanya vya lazima kwa vijana wake kuanzia tarehe 1 Agosti 2024. Waulize ligi yenu ya shule kanuni yao inasemaje, halafu iandike kwenye mwaliko.

Gongo la Nairobi

Hamjambo. Mimi hucheza hapa Nairobi, uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, uwanja ni mdogo kuliko wa kawaida na ndio tulio nao. Tangu 2024 Kenya ni mwanachama mshirika wa shirikisho la dunia, IIHF, kwa hiyo uzi kama huu nausoma mara mbili. Mama, mpatie kila mzazi kazi moja kwa siku nzima: mlango wa kibanda cha adhabu anapokaa aliyetolewa, saa, maikrofoni, karatasi ya mechi. Anayefungua mlango wa adhabu afanye mazoezi kwanza, akichelewa sekunde tatu timu inacheza pungufu bila kosa.

Mama Kipa

Nimesoma yote nikiwa na kalamu. Ratiba nimeifuta, naanza upya na saa mbili na robo, na timu za mechi ya mwisho siku ya kwanza nimezipa mchana wa siku ya pili. Anayepanga marefa nimeshampigia, ameniandikia vikosi viwili kwa siku mbili za mwanzo, ya tatu anatafuta. Kile kikao cha makocha nakiweka saa 4 asubuhi.

Swali la mwisho. Wamama tunataka kuuza sambusa na chai ya maziwa ukumbini tupunguze hilo pengo la dola elfu mbili. Inawezekana?

Fundi wa Barafu

Inawezekana, ila muulize kwanza meneja wa uwanja. Viwanja vingi duka la vyakula lina mkataba wake, hamruhusiwi kuuza pembeni. Akikubali, nendeni kaunti mkaombe kibali cha chakula cha muda, na sambusa zikaangwe kwenye jiko lililokaguliwa, siyo nyumbani. Ombeni mwezi wa kumi. Na wekeni meza mbali na mlango wa Zamboni tafadhali, napita hapo kila nusu saa.