Waliowahi kupanda kilele cha mji kwa treni ya kuvutwa na waya, tupeane uzoefu

Wakuu, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Vilima tunavyo na ziwa tunalo, na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo hakuna asiyesimama. Walioona nchi za watu watusimulie: treni inapandaje mlima bila kurudi nyuma? Na nauli yake inastahili?

*Mwana Katubuka:* Mkuu, nilisoma Bergen, Norway. Yao inaitwa Fløibanen, ipo tangu 1918. Mabehewa mawili, jekundu na la bluu, yanategemeana kwa waya kama ndoo mbili za kisima kimoja: hili likishuka, uzito wake unasaidia kulivuta lile. Yanapishana katikati, pale njia inapogawanyika. Kituo cha chini kipo jirani na soko la samaki, na ndani ya dakika chache tu uko mita 320 juu ya bahari, bandari yote iko miguuni. Kaa dirisha la upande wa chini, maana mji unafunguka nyuma yako. Kiangazi utawakuta mbuzi wanakula majani kileleni, nami nilikumbuka nyumbani hadi machozi yakanilenga. Kata tiketi ya kupanda tu, ushuke kwa miguu msituni. Koti la mvua usiache.

*Mfuata mzigo:* Mimi ni Hong Kong, nikitokea Guangzhou. Treni yao ya waya, Peak Tram, ni ya 1888. Ukipanda kaa kulia. Mteremko ni mkali mpaka maghorofa yanaonekana yameinama! Jioni foleni ni ndefu sana, ila basi namba 15 nalo linafika juu. Roshani ya kutazamia mji, iliyo mita 428 juu ya bahari, ina kiingilio. Mimi naona bora utembee barabara ya Lugard, ni bure na mji wote unauona. Machi na Aprili ukungu hufunika kila kitu.

*Mama wa Kibirizi:* Wanangu, hongereni. Mie sijapanda hiyo. Reli yetu inaishia pale chini stesheni, na kilima cha Lumumba nimekipanda miaka mingi na beseni la migebuka kichwani. Nikifika juu lazima nigeuke niitazame bandari. Tukijengewa hata benchi na kivuli pale, wageni watakaa. Nani anajua sehemu nyingine ya juu hapa Kigoma, ya kulitazama ziwa bila kununua soda hotelini?