Wakuu, natoboaje bati la geji 18 tundu litoke safi bila miba?

Fundi_Maboksi_Dom
Habarini wakuu. Niko Chang'ombe, hii ya Dodoma sio ile ya Dar, natengeneza maboksi ya chuma ya umeme na sola, bati geji 18 yaani kama mm 1.2 hivi. Shida ni matundu ya glandi (kile kifungio kinachobana kebo inapoingia boksini) na konduti (bomba la kupitishia waya), mm 20 na mm 25. Naanza na biti ndogo naongeza mpaka kubwa kabisa niliyonayo halafu namalizia na tupa ya duara, tundu linatoka pembe tatu, nyuma miba mitupu, yaani vichuma vikali vinavyobaki ukingoni, na biti ikikaribia kutokeza inang'ata bati linazunguka nalo. Ile miba inachuna waya na haya maboksi yanaenda kwenye nyumba za watu. Kuna biti ya ngazi (ile ya pia yenye vidato vinavyoongezeka saizi), holisoo (kikombe chenye meno ya msumeno) na panchi (ya kukata tundu kwa kubana bati), hela inatosha kimoja tu, nianze na kipi?

TupaBapa
Mkuu hiyo pembe tatu sio mkono wako. Kwenye bati jembamba ncha ya biti inatokeza upande wa pili kabla mabega, yaani upana wote wa biti, hayajaingia, hakuna tena kinachoishika katikati inaanza kucheza. Ukiwa na biti ya kawaida tu, bana bati katikati ya vipande viwili vya mbao na klampu utoboe vyote pamoja, miba inapungua sana. Ila kwa mm 20 kwenda juu achana nayo.

Mama_Karakana
Biti ya ngazi kaka, usizunguke. Ila angalia kabla hujalipa, zile za mm 4 mpaka 32 nyingi zinapanda mbili mbili, utapata 24 na 26, 25 hamna! Ulizia zilizopimwa kwa ajili ya glandi, zina 20.5 na 25.5. Halafu likishafika saizi, gusisha kidogo sana ngazi inayofuata, inakula ule ukingo unabaki laini, geuza bati fanya hivyo hivyo nyuma. Hapo tupa unaisahau.

Kizota_Metal
Holisoo ni bei nafuu jamani, mbona hamsemi?

Mama_Karakana
Nafuu ndiyo, lakini meno yake kwenye bati jembamba yanadaka, na miba inabaki ileile. Mi naiweka kwa bomba na bati nene.

WayaMwekundu
Mimi ni fundi umeme nafunga huku Nkuhungu na Ihumwa, kwa matundu ya saizi moja yanayojirudia hakuna kinachoifikia panchi ya bolti. Unatoboa tundu dogo la kupitisha bolti, kikombe upande mmoja kisu upande mwingine, unakaza kwa spana bati linakatika duara safi hata rangi haibanduki. Haitaki umeme, na haimwagi chenga, kwa boksi lililokwisha fungwa breka hiyo ni kubwa maana chenga ya chuma ikidondokea kwenye tamino, pale waya zinapofungwa, ni hatari. Ubaya wake kila saizi na panchi yake, na lazima mkono ufike ndani.

Fundi_Maboksi_Dom
Asanteni sana, nimewaelewa. Saizi zangu zinabadilika kwa mteja na mteja kwa hiyo naanza na biti ya ngazi ya glandi, panchi ya 20 itafuata. Spidi je? Drili yangu ni ya betri.

TupaBapa
Gia namba moja. Kwa mm 20 hadi 25 kwenye chuma cha kawaida mizunguko 300 mpaka 400 kwa dakika inatosha, piga senta panchi kwanza (kile kichuma cha ncha cha kutia alama ya katikati kwa nyundo), weka tone la oili, usiilazimishe. Stenlesi shusha zaidi na ukandamize bila kuachia, biti ikisugua tu bila kula pale panakuwa pagumu na biti imekwisha.

WayaMwekundu
Na pale unapopitisha waya bila glandi weka raba hata kama tundu ni safi, bati la mm 1.2 ukingo wake bado unakata. Ukimaliza paka rangi kwenye ukingo, ndiko kutu inakoanzia.